Niliongeza miaka sita kwenye karte ili nioe, leo mi ni mzee wa miaka 21

Wakuu, salamu kutoka mji wa Baraka, kando ya ziwa. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Uongo uliomo ni mmoja tu, ule niliouandikisha kwenye bureau ya uchaguzi, nao nitautaja.

Nilioa na miaka 17, wajomba wakinisukuma. Furaha alikuwa na 18. Baba yake, mvuvi wa Mboko, alisema binti yake haolewi na mutoto; nilete kwanza karte ya uchaguzi, ile wanayopewa watu wazima tu.

Wakati wa kujiandikisha nikataja 23. Mwandikaji akaniangalia kidevu.

— Petit, ndevu ziko wapi?

— Ziko njiani, chef.

Akaandika. Baba mkwe akaisoma karte mara mbili, akacheka, akakubali. Nikajiona mjanja kuliko Baraka nzima.

École ikaishia hapo, sikurudi darasani. Miaka minne sasa: batoto babili, Neema na mdogo wake (nimehesabu tena, ni babili), na magunia ya mihogo bandarini kila asubuhi. Niliosoma nao wananiita "papa", na si kwa heshima.

Miezi mitatu iliyopita likabandikwa tangazo: formation, yaani mafunzo, ya ufundi wa injini za boti, kule Uvira, chakula na kitanda bure. Umri 18 mpaka 25.

Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kuachana na magunia. Nilifika wa kwanza, Furaha nyuma yangu na mutoto.

Mama wa bureau ya mafunzo akashika karte.

— Papa, hapa iko 27. Wachia bijana.

— Mama, niko na 21.

— Sasa hii karte iko ya nani?

Nikisema yangu, mi mzee. Nikisema si yangu, mi mwizi. Nikajaribu kupatana bei.

— Tufanye 25?

— Hapa si soko, papa.

Furaha akanipa mutoto, akatoa karte yake. 22, za kweli.

— Bamama pia banaomba?

— Banaomba.

Akapita mtihani. Yuko Uvira anafungua injini. Jioni ananipigia: "Papa Neema, batoto bamekula?"

Wamekula. Sombe, mboga ya majani ya mihogo, niliiunguza mimi.

We wa miaka 17 unayesukumwa na wajomba uoe haraka: wajomba wangu siku hizi hawapokei simu. Kwenye karatasi nimezeeka, na hapa nyumbani ndiyo kwanza najifunza kusonga bugali.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa miaka yake, aeleze alipita wapi. Wa kucheka pia wacheke, ila polepole: mutoto amelala mgongoni.