Mlango wa Pili wa Mwalimu

Jana nimepoteza Jumamosi nzima ya soko nikiosha choo cha watu kumi na wanne.

Maharage yangu ya kuuza, niliyotoa Nyakitonto, yamelala kwenye magunia. Na mimi naishi peke yangu, jamani!

Hapa uani Kasulu tumepanga milango mitano, na usafi ni zamu kwa kila mlango. Kwa Mwalimu wako saba, lakini zamu yao ni moja kama yangu.

Leo mchana nikaitisha kikao, nikaomba tuhesabu vichwa.

Mwalimu akacheka. "Dada, sheria ya hapa ni milango. Ukitaka wa kukusaidia, olewa."

Haya.

Nikasema basi tuhesabu hiyo milango. Nikawazungusha wote hadi nyuma ya nyumba.

Mwalimu ana vyumba viwili! Mlango wa pili kauziba na kabati kwa ndani, tukausahau.

Nikabisha hodi. Mkewe akaitikia, "Karibu, pitia mbele, huku kuna kabati!"

Watu mbavu hawana. Mama Neema, jirani yangu, akapiga vigelegele: "Ego, ndiyo! Milango sita!"

Kikao kikapitisha palepale: Mwalimu zamu mbili.

Mwalimu, najua unasoma ninayoandika hapa. Jumamosi ijayo ni zamu ya mlango wako wa pili. Unaosha, huoshi? Nijibu kabla ya saa kumi na mbili jioni hii.