Karani wa Kwenye Picha

Mwenye wivu ajinyonge, ndivyo wasemavyo watu wa Nairobi. Mimi nilikuwa nao kwa miaka na sikujinyonga, kwa hivyo wacha niuseme wote.

Nilimwonea wivu mtu tuliyekaa naye chumba kimoja Kawangware, katika ile miaka ya sabini ambapo ukipata chumba cha mabati chenye mlango unaofungika unamshukuru Mungu. Alikuwa dobi. Sisi wote wawili tulitoka kando ya Ziwa, na kwetu mwanamume kufua nguo za watu ni aibu. Kupika ni aibu mara mbili. Mwanamume akionekana karibu na mafiga, mama yake anaulizwa alimlea vipi.

Na mimi nilikuwa mpishi.

Kila alfajiri nilivaa shati jeupe, nikatia kalamu mfukoni na gazeti la juzi kwapani, nikaaga wapangaji wote wa ploti kwamba naenda ofisini. Kisha nilitembea kwa miguu hadi Kibera, nikaingia hoteli moja kwa mlango wa nyuma, nikafunga aproni na kuanza kukanda unga. Chapati zangu zilikuwa nzuri. Nasema bila kujisifu, watu walitoka mbali kuzifuata. Lakini siku moja mteja alipoomba aonyeshwe mpishi ampe mkono, nilijificha nyuma ya magunia ya makaa.

Huyu dobi alijua, maana pua yake haikudanganyika. "Omera, ndugu yangu," aliniambia jioni moja nikivua shati, "hiyo ofisi yenu wanakaanga vitunguu?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimwapisha asimwambie mtu. Akaapa, akaendelea kucheka.

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa na kitu! Mabeseni mawili, kamba ya kuanikia, pasi ya makaa, basi. Ila aliamka akipiga mluzi. Mwenye ploti, mzee mwenye mashamba na nyumba za kupangisha mpaka Riruta, alikuwa akipita anaita, "Dobi!" naye anaitika, "Dobi mwenyewe!" kana kwamba ameitwa mheshimiwa. Akina mama walimtania, naye akawatania. Mimi na kalamu yangu waliniamkia kwa heshima, kisha wakanyamaza mpaka nipite. Haki ya Mungu, kuna asubuhi nilitamani kamba yake ikatike, nguo zote za watu zianguke matopeni.

Sasa, nyumbani kulikuwa na msichana. Nilimwona sokoni nilipoenda likizo, akiuza omena, vile vidagaa vya Ziwa. Nilijaribu kupunguza bei akanitukana vizuri, halafu akaniongezea kiganja kizima bure na kuniambia niende kabla hajabadilisha mawazo. Nilirudi Nairobi na huyo msichana kichwani. Nilimtaka yeye, si mwingine. Nikamwandikia shangazi yangu awe mshenga. Shangazi akajibu upesi: leta picha, na useme unafanya kazi gani, baba yake anauliza.

Jumapili tukaenda studio, mimi na dobi. Sikumwambia ni msichana yupi. Nilimwambia tu kwamba naoa kwa watu wakubwa, nikifurahia kuona kama naye ataonja wivu kidogo. Hakuonja. Alisema atapiga picha na yeye, ampelekee mama yake.

Mpiga picha alikuwa na koti moja la wateja wote. Lilikuwa limepasuliwa mgongoni kutoka ukosini hadi chini. Mnene analivaa hivyo hivyo, mwembamba anabanwa kwa nyuma na vibanio vya nguo. Mimi nilibanwa vibanio vitano. Nikapewa pia simu iliyokatika waya, nikaiweka sikioni, nikakunja uso kama mtu anayeletewa habari za serikali.

Zamu ya dobi ilipofika, akalikataa koti. "Mama akiniona ndani ya hilo atadhani nimeshakufa, wananipeleka kuzikwa." Alikuwa ameibeba pasi yake tangu nyumbani, imefungwa kwa kitambaa! Akaishika mkononi, akacheka, akapigwa picha. Nilimwonea haya. Nilisogea hadi mlangoni, watu wasidhani tuko pamoja.

Nyuma ya picha yangu niliandika: karani, ofisi ya mjini.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, mstari mmoja tu. Wamekataa, tafuta kwingine. Shangazi hakusema kwa nini, nami sikuuliza, maana nilidhani ninajua. Nilidhani wamesikia kwamba napika. Na ni nani angewaambia? Nilimtazama dobi akinyoosha shati la mtu huku akiimba, nikamwona msaliti.

Mwaka huo alienda likizo, akarudi ameoa. Ameoa nani? Yule yule! Muuza omena wangu! Mama yake dobi alipata ile picha ya mwanawe na pasi, akatembea nayo hadi boma la msichana yule yule, na siku hiyo hiyo wakamkubali. Alinisimulia akicheka, hajui anamchoma nani. Siri yangu ya huyo msichana nilikuwa nimeificha vizuri sana, hata mwizi hakujua ameiba.

Nilihama Kawangware wiki hiyo, nikapanga Kibera. Nilimpa mkono wa hongera, nikasema nahamia karibu na kazi, na huo ndio ukweli wa pekee niliosema mwaka huo. Kwa muda mrefu nilikanda unga kwa hasira. Nilijiambia: dobi! Mtu anayenusa soksi za watu! Na chapati zikazidi kuwa laini, sijui kwa nini.

Siku moja mchana, nikiwa jikoni, nikatupa jicho kwenye kidirisha cha kupitishia sahani. Dobi alikuwa ameketi mezani na mkewe. Walikuwa wameagiza maharagwe na chapati, naye msichana, sasa mwanamke mwenye leso mpya, anatafuna macho ameyafumba.

Mtu mwenye akili angetoka akawasalimia. Mimi nilivua aproni, nikanawa mikono, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele kama mteja. Ala! Nikajifanya kushangaa kuwaona.

"Shemeji!" akasema mwanamke, "habari ya siku nyingi? Keti ule. Huyu mpishi wa hapa, mkewe ana bahati."

Dobi aliutazama unga uliobaki kwenye kiwiko changu, kisha akainamia sahani yake. Akaendelea kula, kana kwamba hakuuona. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana mtu anayeitunza siri yako hata leo, atakuwa aliitoboa lini?

Mwanamke alikuwa na furaha, na furaha ilimlegeza ulimi. "Sasa nitakwambia, shemeji, mume wangu hata anajua, tunachekaga. Picha yako ilipofika, baba aliipenda. Aliionyesha kila mgeni. Lakini akasema, karani atataka mke aliyesoma, na mtoto wangu ameishia darasa la tatu. Atamchoka, atanirudishia. Afadhali mtu wa kazi ya mikono." Akacheka kidogo. "Mimi nililia siku mbili. Nilikuwa nakukumbuka, wewe wa kiganja cha omena."

Sijui uso wangu ulikaaje. Wivu niliokuwa nao kwa huyu mwanamume ulikuwa na sababu zote duniani, mpaka dakika ile. Hakuninyang'anya kitu. Nilimnyima yule mwanamke nafsi yangu ya kweli, nikampelekea mtu mwingine aliyebanwa kwa vibanio, na baba yake, mzee wa watu, akamkataa huyo mtu kwa busara kabisa. Na bado nilimwonea wivu! Nilimwonea wivu kuliko zamani, ameketi pale na vidole vyake vilivyobabuka kwa sabuni, mkono wa mkewe juu ya goti lake, hana la kukumbuka alilosema jana ili leo asijichanganye.

Harufu ya kuungua ikatufikia. Nilikuwa nimeacha chapati kwenye moto.

"Mpishi!" mwenye hoteli akapiga kelele kutoka kaunta. "Mpishi, unaunguza huko jikoni!"

Nikabaki kitini. Dobi hakuinua kichwa. Ningeweza kuketi hivyo hivyo mpaka wamalize, waondoke, na mwanamke yule angezeeka akisimulia juu ya karani aliyemkosa.

"We mpishi! Uko wapi?"

"Niko!" nikaitika, kwa nguvu mno, meza zote zikageuka. Nikainuka, nikapita katikati ya watu, nikaingia jikoni kwa mlango wa ndani. Nilitupa iliyoungua, nikasukuma nyingine, nikaikaanga taratibu mpaka ikapata madoa pande zote mbili. Nikafunga aproni. Nikaibeba mwenyewe hadi mezani kwao.

Mwanamke alinitazama aproni, akanitazama mikono.

"Ulikuwa ukipika," akasema. "Wakati ule wa picha."

"Nilikuwa nikipika."

Akaichukua ile chapati ya moto, akaikunja mara mbili, akaiweka sahanini. Hakuila.