Firigisi ya Kuka

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, babu yangu alinipa firigisi mbele ya watu, na nyanya yangu akatangaza papo hapo kwamba tumbo langu lingekuja kulipa.

Ilikuwa likizo ya Agosti, nyumbani kwa kina Baba, Bungoma. Wageni wa kanisa walikuwa wamekuja na jogoo mkubwa alikuwa amechinjwa. Kwetu Wabukusu, firigisi ni ya mwenye nyumba. Unaweza kugawa mapaja, unaweza kugombania shingo, lakini firigisi inawekwa juu ya sahani ya mzee na hakuna anayeitazama mara mbili. Zamani, nyanya yangu aliniambia, mwanamke hakuonja kuku kabisa. Hilo lilikuwa limepita na kuku tulikula, ila firigisi ilibaki mahali pake.

Babu, ambaye tulimwita Kuka, alikuwa amepoteza magego karibu yote. Aliitazama ile firigisi, akaniangalia mimi niliyekuwa nimekaa chini karibu na miguu yake, akaniita.

"Nekesa, kuja hapa. Wewe uko na meno."

Nilikula. Ilikuwa ngumu na tamu, na niliitafuna polepole ili kila mtu aone. Wageni waliacha kula. Nyanya, yaani Kukhu, alikuwa mlangoni na sufuria ya ugali wa wimbi mikononi.

"Wewe mzee! Unampa msichana filigisi?" alisema. Kukhu alizipanga r na l alivyotaka yeye. "Si unajua kazi ya filigisi ni kusaga mawe? Huyu akikua, tumbo rake ritakuwa rinasaga hivyo hivyo. Mtanikumbuka!"

Kuka alicheka mpaka akakohoa. "Acha mtoto ale, bana."

Basi nikamaliza, nikalamba vidole, na nikasahau.

Sisi tuliishi Kiminini, ambako Mama alikuwa na duka la nafaka kando ya barabara ya Kitale. Mama ni mtoto wa walowezi kutoka Mkoa wa Kati waliopata shamba upande wa Kachibora. Watu wa kanisa, watu wa kazi, watu wasiopenda maneno mengi. Mambo ya firigisi aliyasikia kwa wakwe zake akayacheka kwa adabu, akiwa amegeukia ukuta. Baba alifanya kazi mbali na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama na mimi.

Nikiwa darasa la saba, siku zangu zikaanza. Mwezi wa kwanza haukuwa na neno. Wa pili ulinikuta kwenye gwaride la asubuhi shuleni. Kitu kilinishika chini ya kitovu, kikajikunja, kikaachilia, kikajikunja tena kwa nguvu zaidi, kikashuka mapajani na kupanda kiunoni. Jasho la baridi lilinitoka. Nilitapika chai yote kwenye viatu vya msichana aliyekuwa mbele yangu, na wimbo wa taifa haukuwa umefika nusu.

Nilipopelekwa nyumbani, Mama alifunga duka, akanipikia uji na kunipa tembe mbili za maumivu kutoka kwenye kopo lililokaa nyuma ya mizani.

"Ni kawaida ya wanawake," alisema, bila kuniangalia usoni. "Vumilia. Ukishazaa itaisha."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kuzaa kulikuwa mbali kama mwezi. Na zile tembe, ambazo nilizimeza uchungu ukishafika kileleni, zilikuwa kama kumwagia moto wa msitu kijiko cha maji. Kila mwezi nilikosa shule. Mwalimu wetu wa hesabu alidhani namkwepa yeye. Mama hakuwa mkatili. Nataka hilo lieleweke. Alinikanda mgongo, akanifunika blanketi lake zuri. Ila hilo neno "kawaida" lilifunga mlango, na mimi nikabaki nje nikitafuta maelezo yangu mwenyewe.

Nikayapata upesi. Usiku mmoja nikiwa nimejikunja kitandani, tumbo likisaga na kusaga, sauti ya Kukhu ikanirudia kama vile alikuwa chumbani. Firigisi! Alikuwa amesema, na sasa yametimia.

Leo nacheka, lakini wakati ule niliamini kwa moyo wangu wote. Niliacha kula kuku. Kwanza niliacha nyama nikabaki na mchuzi, halafu nikaona mchuzi nao una undugu na kuku, nikauacha. Mama alistaajabu.

"Mtoto gani anakataa kuku? Ama umeokoka ile ya kutokula nyama?"

Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nafanya toba?

Desemba ilipofika nikatumwa Bungoma kwa likizo, na siku zangu zikanipata huko. Kukhu alinikuta sakafuni jikoni, nimeuma pindo la leso ili nisipige kelele. Aliweka kuni chini. Akauliza inauma wapi, nikamwonyesha. Akauliza tangu lini, nikamwambia, na nikamwambia pia ninachojua kuhusu chanzo chake. Alisimama wima kama mshindi wa kesi.

"Nirisema! Si nirisema?" Akatoka nje akipaza sauti. "Mzee! Kuja uone kazi ya mkono wako!"

Kuka alikuja, akaniona, na kile kicheko chake hakikutoka. Aliinama, akanishika kichwa. "Pole, mama yangu," alisema. Kisha akamgeukia mkewe kama mtoto aliyeshikwa. "Sasa tunafanya aje?"

Kukhu alijua, au aliamua kujua. Mpaka leo sijui kama ilikuwa mila ya wazee au aliibuni palepale. Alisema kilichotolewa kwa mkono kirudishwe kwa mkono. Kesho yake jogoo akachinjwa. Mimi nikaichukua firigisi kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikampa Kuka. Yeye angeila yote, halafu angenipulizia busaa, pombe yetu ya kienyeji, kifuani. Kwa kuwa Kuka alikuwa mzee wa kanisa, walikubaliana maji yatatosha.

Kazi ilikuwa kuila. Kuka hakuwa na jino hata moja lililokutana na mwenzake. Alitafuna. Tulingoja. Aliihamisha shavu la kulia, akaihamisha la kushoto.

"Usiteme!" Kukhu alionya.

"Sijatema! Ngoja kwanza!"

"Tafuna, mzee, mtoto anaumia!"

Macho yalimtoka, machozi yakamlenga, na mwishowe akaimeza nzima kwa kikombe cha maji, akajipiga kifua kama mtu aliyeshinda mieleka. Halafu akanipulizia yale maji yaliyobaki. Nilicheka, na nilipokuwa nacheka nikatambua kwamba tumbo limetulia. Siku zangu zilikuwa zinaelekea kuisha, bila shaka, lakini nani alikuwa anafikiria hilo? Jioni ile nilikula paja zima, mchuzi, na nikaongeza.

Likizo ya Desemba ni ndefu. Tulikuwa tunachambua maharagwe uani, baada ya mwaka mpya, uchungu uliporudi. Ulikuwa mbaya kuliko ule wote niliowahi kuujua. Nilisimama niende ndani, uani pakazunguka, na nilipofungua macho nilikuwa nimelala kwenye gunia, na Kukhu ananipepea kwa ungo.

Hakusema "nilisema". Alichemsha maji, akayatia kwenye chupa ya plastiki ngumu, akaifunga kwa kitambaa na kuniwekea tumboni. Akakaa kando yangu alasiri nzima, maharagwe hayajachambuliwa, kuku wakiyala, naye asiwafukuze. Nilijua alikuwa anawaza.

"Nekesa," alisema hatimaye, "Kuka arikura filigisi yake yote. Nirimwangaria kwa macho yangu."

"Ndiyo, Kukhu."

"Basi hii si ya filigisi. Hii ni ya hospitari. Mama yako anasemaje?"

"Anasema ni kawaida."

"Kawaida?" Aliinuka. "Kawaida gani inaangusha mtoto? Hata ng'ombe akianguka tunaita daktari!"

Asubuhi iliyofuata, uchungu ulipopungua kidogo, alivaa kitambaa chake cha Jumapili na viatu, akanishika mkono, na kabla ya adhuhuri tulikuwa mbele ya duka letu Kiminini. Mama alikuwa anapima mahindi. Mkwe wake hakuwahi kuja bila kuitwa. Mama alidondosha kopo la kupimia.

"Mama! Karibu. Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani ni sarama. Nimekuretea mtoto wako. Funga duka, tunaenda hospitari ya Kitale."

Mama alipoelewa, uso ulimbadilika. Alishusha sauti, kwa sababu kulikuwa na mteja. "Lakini Mama, hii ni mambo ya wasichana. Akizaa itaisha."

"Akizaa rini? Si ako darasa ra saba!"

Yule mteja, mwanamke wa makamo, aliangua kicheko, kisha akakizuia kwa kiganja. Mama hakucheka. Alikaa juu ya gunia la mahindi na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni tulipozungumza jambo hili.

"Mimi nililala hivyo hivyo jikoni kwa mama yangu, Kachibora," alisema taratibu. "Kila mwezi. Aliniambia nivumilie. Yeye pia aliambiwa hivyo."

Kukhu alimwendea, akamgusa bega. "Mama Nekesa, inatosha sasa. Tuvae twende."

Hospitalini tulikaa benchi moja sisi watatu, mimi katikati. Nilijua tungeambiwa ni kawaida, turudi nyumbani, na Kukhu aone haya. Lakini daktari aliyetuita alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaomba wenzangu wanyamaze.

"Nataka kumsikia yeye," alisema. "Nekesa, uchungu unaanzia wapi? Niambie kama ulivyo."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilieleza mpaka nikaishiwa maneno. Alinibonyeza tumbo, akanipaka mafuta ya baridi na kupitisha kifaa, tukaona kwenye runinga ndogo mawingu meusi na meupe. Akasema haoni uvimbe wala kitu kibaya.

"Kwa hiyo anasingizia?" Mama aliuliza kwa wasiwasi.

"Hapana. Uchungu wake ni wa kweli. Tumbo la uzazi ni musuli. Wakati wa hedhi linajibana ili kutoa damu. Kwa wengine linajibana kwa nguvu kupita kiasi, na hapo ndipo mtu anatapika na kuanguka."

Kukhu nusura aruke kutoka kwenye kiti. "Kama filigisi!"

Daktari alitabasamu. Nadhani alikuwa wa pande zetu. "Ndiyo, Kukhu, linakaza kama firigisi. Lakini kila msichana analo, aliyekula na ambaye hajala."

Kukhu alinigeukia. Tukatazamana, halafu tukacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mama, ambaye alikuwa hajui lolote la mambo yetu ya Desemba, alituangalia kama wendawazimu.

Daktari alinipa dawa tofauti na zile za kopo, akaniambia siri iliyobadilisha maisha yangu: nisingoje uchungu ufike. Nikiona dalili za kwanza, nile, nimeze, niweke chupa ya maji moto. Na ikiwa miezi michache itapita bila nafuu nirudi, kwa sababu kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya uchungu kama huo. Alipomaliza aliweka kalamu chini, akamtazama Mama.

"Na wewe, Mama? Bado unaumwa?"

Mama alifungua mdomo kusema hapana. Nilimwona. Kisha akamwangalia Kukhu, na Kukhu akatikisa kichwa polepole kumwambia sema.

"Bado," Mama alisema. "Na damu ni nyingi sana. Nilifikiri ni hivyo tu."

Naye akapitishiwa kile kifaa, na mawingu ya Mama yalikuwa na kitu ndani yake. Uvimbe, si wa kutisha, lakini uliokuwa umemnyonya damu miaka na miaka. Alifanyiwa upasuaji kabla ya Pasaka, na Kukhu akaja kukaa nasi Kiminini, akiendesha duka kwa mkono wa chuma na kuwauliza wateja wa kike maswali ambayo hawakutarajia kuulizwa wanaponunua maharagwe. Mama alipopona alinenepa, akapata rangi, akaanza kuimba akipima mahindi. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mama yangu anaimba.

Dawa yangu ilifanya kazi. Si kwamba uchungu uliisha kabisa, lakini ulishuka kutoka kuwa mnyama hadi kuwa kero, na darasa la nane sikukosa shule hata mwezi mmoja. Mwalimu wa hesabu aliniambia anafurahi nimeacha kumwogopa.

Sasa mimi ni mtu mzima, na marafiki zangu wanapozungumzia imani za wazee wetu huzikunja kama nguo kuukuu: ujinga, wanasema, tuzichome. Nami nacheka nao, kwa sababu firigisi haikunifanya lolote. Lakini nakumbuka vilevile kwamba katika ile familia yetu, aliyekuwa na duka na Biblia na elimu ya shule ndiye aliyesema ni kawaida, na aliyeamini mambo ya firigisi ndiye aliyekataa. Kukhu alikosea chanzo, tena vibaya. Hakukosea kwamba mtoto anayeanguka ameanguka, na kwamba ni lazima mtu afanye jambo, na la kwanza likishindikana afanye la pili. Nimekutana na wasomi wengi tangu wakati huo wasioweza kuliacha la kwanza.

Mama naye hakuwa na kosa. Alinipa alichopewa. Ninapomfikiria siku ile, namwona kwenye kile kiti mbele ya daktari, mkoba magotini, mwanamke wa karibu miaka arobaini anayeulizwa kwa mara ya kwanza kama anaumwa. Alichelewa kujibu kidogo tu. Kisha akajibu.