Mjomba Desimali na Jagi la Chumvi

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni karani wa takwimu katika maabara ya maji, na kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kuiacha namba itembee uchi. Mwambie "nipe dakika mbili", hana neno. Mwambie "nipe mbili tu", atakuuliza, "Mbili nini? Mbuzi?" Siku moja mkewe alimwomba aongeze maji kidogo kwenye sufuria, akaulizwa kidogo ni mililita ngapi. Siku hiyo mjomba alikula mkate mkavu. Mtaani wanamwita Desimali, naye, masikini, anadhani ni heshima.

Kazini, chini ya jina la kila safu ya namba, huandika kipimo chake. Chini ya "chumvi" huandika mg L⁻¹, yaani miligramu kwa kila lita. Ile hasi moja ndogo iliyopanda juu ya lita ndiyo hiyo "kwa kila". Ikaja programu mpya ya kompyuta, ikaja na mtaalamu wake, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko hoja zake. Programu ikagoma kuusoma mstari wa vipimo. Mtaalamu akauchungulia, akacheka.

"Mzee, maji yako yana hasi moja. Ulishaona wapi maji ya hasi?"

Akaufuta mstari mzima. Programu ikanyamaza. Ni programu yenye adabu sana: ukiinyima kipimo, inajichagulia chake. Ikachagua kilo kwa kila mita ya ujazo, ambayo ni sawa na gramu kwa kila lita. Kisima cha mtaa wetu, chenye miligramu mia nne na ishirini za chumvi kwa lita, kikaamka na gramu mia nne na ishirini. Grafu ikapanda mpaka ikakosa pa kwenda. Meneja akaipenda rangi yake nyekundu, akasaini barua papo hapo: pampu ing'olewe leo, saa nane mchana. Mitaa mitatu inachota hapo, na hakuna pengine.

"Bosi," mjomba akasema, "gramu mia nne na ishirini kwa lita si maji. Huo ni mfuko wa chumvi ulionyeshewa."

"Kompyuta imeshasema, mzee. Unabishana na kompyuta?"

Hakubishana. Alitoka hadi dukani, akarudi na chumvi, akapima gramu mia nne na ishirini kwenye mizani ya maabara, kisha akamwekea meneja mezani jagi lenye lita moja kamili ya maji, akaimwaga chumvi yote humo. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Koroga, bosi."

Meneja akakoroga. Alipochoka akampokeza mtaalamu, aliyevua koti kana kwamba anaingia ulingoni. Wakakoroga robo saa, wasomi wawili na kijiko kimoja. Chumvi iliyobaki ikajikalia chini ya jagi kama mgeni asiyejua kuaga.

"Maji haya yameshiba, wanangu," mjomba akasema. "Nionyesheni kisima kilichoweza kuimeza yote."

Mtaalamu akafikiri kwa bidii. "Labda maji ya kisima yana nguvu zaidi?"

Mjomba akachukua chupa ya sampuli ya kisima, akammiminia meneja glasi moja, na nyingine akaijaza ya jagini. Meneja alikunywa ya kwanza bila shida. Ya pili aliigusa kwa ncha ya ulimi tu, uso ukajikunja kama karatasi. Akaandika barua nyingine: pampu ibaki, na programu iko sahihi kabisa, ila "ilieleweka vibaya". Nani aliielewa vibaya, barua haikutaja.

Saa nane kasoro dakika nne, mjomba akampigia simu fundi wa pampu.

"Acha kung'oa."

"Mzee wangu, nimeshalegeza boliti tatu! Mngesema mapema!"

"Kaza zote tatu."

Fundi akakaza huku akiwalaani watu wote wa maofisini. Akina mama waliokuwa wamezingira kisima wakimtukana wakaacha kumtukana, wakaanza kutukanana wenyewe, nani kafika kwanza na ndoo ya nani iko mbele.