Kaka Tulimzika, Meseji Zake Zikaendelea Kuingia

Kaka yangu tulimzika. Asubuhi iliyofuata akamtumia mama meseji.

"Mama, umekunywa dawa?"

Namba yake. Maneno yake. Nilikuwa nimekaa na mama kitandani, nikaona simu inawaka.

Mama akasoma. Akajibu taratibu kwa kidole kimoja, "Nakunywa baba." Akachukua kidonge cha presha, akameza.

Ikawa hivyo kila asubuhi.

Baba mdogo akasema namba ifungiwe, watu watatuona vichaa.

"Kafungie yako," mama akamjibu. "Ya mwanangu usiiguse."

Baba mdogo akavaa viatu vyake, akaondoka.

Mimi siri niliijua. Chumbani kwa kaka kulikuwa na kompyuta isiyozimwa, na simu yake ya zamani, yenye laini yake, imechomekwa hapo kwa waya. Kaka alikuwa anaandika skripti, yale maagizo mafupi ambayo kompyuta inayafuata yenyewe. Moja ilikuwa ya kumkumbusha mama dawa, maana kazini kaka walikuwa wanambana, akaogopa atasahau kumuuliza.

Sikusema. Mimi kuongea ni mtihani. Hata darasani nikiulizwa jina langu, kwanza najiuma ulimi.

Halafu umeme ukakatika. Uliporudi nikaiwasha kompyuta, lakini asubuhi simu ya mama ikawa kimya.

Mama hakumeza dawa.

Nikamsogezea maji na vidonge. Akaviangalia tu. "Baadaye."

Baadaye haikufika. Kesho yake vilevile. Kichwa kikaanza kumgonga, akitoka chooni anashika ukuta.

Nikasema potelea mbali, hii skripti nitaiamsha.

Shida ni kwamba shuleni tumezoea Windows. Kaka aliweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Kila kitu kimehama mahali pake, kama umeingia nyumba ya watu gizani.

Nikabofya faili mara mbili. Yakafunguka maandishi tu, alama nyingi nisizozijua, na katikati yake: Mama, umekunywa dawa?

Nikafunga haraka. Macho yalishajaa.

Nikamfuata mwalimu wa kompyuta, naongea na viatu vyake.

"Linux?" akacheka. "Mtoto wewe unapenda makubwa. Huko kubofya hakukusaidii. Fungua lile dirisha jeusi, andika bash, ruka nafasi, jina la faili. Mengine Mungu anajua, mimi mwenyewe naiogopa."

Nikarudi nyumbani, nikaandika. Ikakataa, eti faili halipo. Lipo, naliona! Nikahangaika mpaka nikagundua jina la faili kaka aliandika dawa kwa d ndogo, mimi naandika kwa D kubwa, na kwa kompyuta hii D na d ni watu wawili wasiojuana.

Nikaandika upya. Nikabonyeza.

Kimya.

Ukaja mstari mpya mtupu, basi. Hakuna "imefanikiwa", hakuna mlio, hata asante hakuna.

Kompyuta za shuleni kitu kikikubali zinakwambia. Nikajua imegoma. Nikaandika tena. Kimya. Nikaandika tena na tena, nalia, naibembeleza, "Kaka, mara moja tu." Mpaka vidole vikachoka.

Asubuhi simu ya mama ikalia.

Mama akakurupuka. Uso ukachanua, uso ambao sikuwa nimeuona tangu msiba.

Ikalia tena. Na tena. Inatetemeka mpaka inatambaa yenyewe juu ya stuli. Meseji ileile. Ileile. Ileile.

Hapo ndipo nikaelewa. Kompyuta ile ikikubali haisemi kitu. Kila nilipoandika, iliitika. Nilikuwa nimeamsha kaka wengi, wote wakaisubiri asubuhi, na sasa wanauliza kwa pamoja.

Uso wa mama ukazimika.

"Umeiwasha wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nilijua ni mashine," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Unadhani sijui mwanangu nimemfukia wapi?"

"Sasa mbona ulikuwa unajibu, mama?"

"Ilikuwa inauliza mara moja, halafu inaningoja. Kama yeye. Najidanganya kidogo, nameza, siku inakwenda." Simu ikalia tena mkononi mwake. "Leo imeuliza kama mashine. Siwezi tena kujidanganya."

Akalia kilio ambacho hata makaburini hakukilia.

"Kazime," akasema baadaye. "Na waya uchomoe."

Nikaenda. Kwenye kioo cha simu ya kaka kulikuwa na meseji ya mama, ya zile siku za kimya.

"Baba, leo hujaniuliza."

Nikachomoa waya.

Kesho yake nikasimama mlangoni kwa mama. Sauti ikagoma. Nikakohoa. Nikajaribu tena.

"Mama, umekunywa dawa?"

Akajiinua, akakaa kitandani.

"Bado," akasema. "Nipe maji."

Ndugu unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu kuna mtu anahitaji kuulizwa, muulize kwa mdomo wako. Hata kama unatetemeka. Mimi kila asubuhi natetemeka, na nauliza.