Sahani Mbili Zilizokatwa na Maji

Turbini ya kwanza ya patroni wangu, fundi aliyenifundisha kazi, ilikuwa inatetemeka, na yeye mwenyewe hakuficha. Mtu akimuuliza habari za ile turbini ya kijiji cha Mpofi, alijibu, "Inazunguka, inasaga, inacheza." Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao, halafu akarudi kuinama juu ya chuma chake.

Alikuwa ameitengeneza kwa mikono katika atelie yake ya kusude, yaani kuunganisha vyuma kwa moto, pale Kashuga, kabla mimi sijaja kujifunza kazi. Fikiria sahani mbili za chuma, pana kama beseni la kufulia, zimesimama zikitazamana. Kila sahani imetobolewa matundu membamba yaliyopinda kama ukucha, kuzunguka ukingo wote. Kati ya sahani hizo kuna mabawa ya chuma, na kila bawa ncha yake moja imeingia katika tundu la huku na nyingine katika tundu la kule. Maji ya kijito yanashuka katika bomba, yanapiga mabawa, gurudumu linazunguka, linavuta mkanda, na mkanda unazungusha mashine ya kusaga mihogo. Hakuna mazutu, yaani dizeli, hakuna moshi. Mara ya kwanza nilipoiona nilisimama kuitazama mpaka viatu vyangu vikajaa maji.

Lakini ilitetemeka. Boriti iliyoibeba ilitetemeka, ukuta wa mbao ulitetemeka, na rulema, zile pete zenye goroli ndani zinazoshika mhimili wa katikati, zilikufa moja baada ya nyingine. Zikifa, mashine inasimama, na wanawake wa Mpofi wanarudi kwenye kinu na mchi na mabega ambayo tayari yamechoka na shamba.

Mwenye mashine alikuwa Mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa upande wa Butembo, aliyekuwa na duka la chumvi, sabuni na misumari pale Mpofi. Siku rulema zilipokufa tena, alipanda pikipiki mpaka Kashuga, akasimama mlangoni mwa atelie na matope mpaka magotini.

"Papa Injenieri," alisema, "ile mucheza ngoma yako imelala tena."

"Karibu, Mama. Ikala kwanza," patroni alisema, akimsogezea kigoda.

"Sikuja kuikala. Nakuja kukuambia neno moja. Nakupa gurudumu moja tena. Moja tu. Ikitetemeka, naitosha, naweka moteri. Shemeji yangu iko na moteri ya mazutu kule Butembo, inangojea tu nipige simu."

"Mazutu inanuka, Mama."

"Inanuka, lakini haichezi."

Akageuka, akapanda pikipiki yake, akaenda.

Patroni alibaki anapangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Nilijua anawaza nini. Turbini ya Mpofi ilikuwa ndiyo pekee aliyopata kuuza. Wengine wote walikuja kwetu kwa milango, vitanda na baiskeli zilizovunjika. Ikiwa gurudumu litang'olewa pale na moteri kukaa mahali pake, hakuna mtu, wa Masisi wala wa Walikale, ambaye angemwambia tena, "Nitengenezee na mimi." Angebaki fundi wa milango mpaka uzee.

Na mimi je? Shule niliiachia mwaka wa pili wa sekondari, tulipokimbia vita, na sikurudi. Wasichana wenzangu walijifunza kushona. Mimi nilipita mbele ya ile atelie, nikaona cheche, nikaingia kuuliza kama wanapokea wasichana. Tangu hapo kila kijito nilichovuka nilikitia gurudumu kichwani. Huku kwetu milima haiishi na maji hayaishi. Nikienda kulima na wazazi, nilikuwa naona taa kwenye kila kilima, mashine ya unga chini ya kila poromoko, na friji ya dawa kwenye kila kituo cha afya. Mama yangu alikuwa ananiambia, "Shika jembe, taa zitakuja zenyewe." Basi moteri ya yule shemeji wa Butembo nilianza kuichukia kabla sijaiona.

Ugonjwa wa gurudumu tuliujua. Yale matundu ya sahani patroni aliyakata kwa moto wa gazi na kuyamalizia kwa tupa. Moto unakunja chuma. Sahani inalala mezani imenyooka, ukimaliza kuikata imejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa juu ya makaa. Tena hakuna tundu linalolingana na mwenzake. Bawa moja linakaa juu kidogo, lingine chini kidogo, na gurudumu zima linatembea kama mtu mwenye jiwe ndani ya kiatu.

"Papa," nilimwambia, "niliona video katika simu. Kuko mashine inakata chuma na maji."

"Maji ya baraka?"

"Maji tu, Papa. Wanaisukuma na nguvu nyingi, inapita katika katundu kadogo sawa tundu ya sindano."

"Mutoto huyu. Kesho utaniambia kuko nyingine inakata na upepo."

Lakini dereva mmoja wa lori la maharagi, aliyekuwa amekuja kuungiwa mlango wa lori, akasema ni kweli, Goma kuna atelie moja yenye mashine kama hiyo, yeye mwenyewe alipeleka pale mabamba ya chuma. Patroni hakucheka tena. Jioni ile alikuwa ameshaanza kutafuta triplex ya kuchorea.

Tulichora gabari, yaani umbo kamili la sahani juu ya ule ubao mwembamba wa triplex, ili mashine ifuate. Mimi ndiye niliyechora, kwa sababu mkono wangu hautikisiki. Nilipima unene wa bawa, nikachora tundu la unene huohuo. Patroni akaja, akavaa miwani yake, akatikisa kichwa.

"Tundu iko pana. Acha nyama."

Kuacha nyama ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa. Ukitaka tundu, lichore jembamba kuliko unavyolitaka, kwa sababu moto utakula, na meule, ile mashine ya mkono yenye disiki, itakula, na mwisho tupa itakula. Nyama uliyoacha ndiyo wanayoila. Fundi asiyeacha nyama anamaliza na tundu linalocheza kama jino bovu. Kwetu hakuna anayekata bila kuacha. Hata fundi seremala wa jirani anaacha, hata mshona nguo anaacha. Patroni akachukua penseli, akayabana matundu yote, moja baada ya lingine, kwa subira. Nami nikamshikia taa ya simu.

Njia ya Goma, iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya mapigano, ilipofunguka tukapanda lori na bamba letu la chuma, tukafika Goma na vumbi mpaka kwenye kope. Ile atelie ilikuwa uani, nyuma ya ukuta mrefu. Mashine yenyewe nilidhani itakuwa kubwa kama nyumba. Ilikuwa kama meza pana iliyowekwa juu ya birika la maji, na juu yake kamdomo kadogo kanakotembea huku na huku kakiongozwa na ordinatere, yaani kompyuta. Kijana aliyeishughulikia alikuwa na kofia ya kuziba masikio na tabasamu la mtu anayeipenda kazi yake. Alitueleza kwamba si maji peke yake, wanachanganya na mchanga mwekundu mlaini, na ule mchanga ndio wenye meno.

Aliipima gabari yetu, akaingiza vipimo katika ordinatere, akaipima tena, akatutazama.

"Papa, hii njo mesure ya mwisho? Mashine itakata vile iko. Haiongeze, haipunguze."

"Mudogo," patroni alimjibu, "miye nilianza kukata chuma mbele uzaliwe. Weye kata."

Kijana akacheka, akabonyeza.

Sauti yake ilikuwa kama mvua kubwa juu ya mabati, lakini iliyokusanywa mahali pamoja. Nilitafuta cheche kwa mazoea. Hapakuwa na cheche. Kamdomo kalitembea taratibu, na nyuma yake mstari ukafunguka katika chuma kinene kana kwamba kilikuwa sabuni. Nililia kidogo, na kwa bahati kila mtu pale alikuwa amerushiwa maji usoni.

Patroni aliposhika sahani ya kwanza, aliiachia haraka, kwa mazoea ya kuungua, halafu akaishika tena.

"Imekatwa na iko baridi," alisema. Akaiweka sakafuni, akaikanyaga upande huu, akaikanyaga upande ule. Haikuinuka hata kidogo. "Iko baridi," alirudia, akamtazama yule kijana kama mtu anayetazama mkwe mzuri.

Tulirudi Kashuga tukiwa tumezikumbatia sahani zetu ndani ya blanketi. Wanawake sokoni waliuliza kama ni mtoto. Patroni akasema ni mapacha.

Tukakata mabawa. Hayo tunayapasua kutoka katika bomba la chuma, ndiyo maana yanapinda. Nikachukua bawa la kwanza, nikalipeleka kwenye tundu. Halikuingia. Nikaligeuza. Halikuingia. Nikajaribu tundu lingine, na lingine, na yote yalikuwa sawasawa, mazuri, laini, na membamba. Tulikuwa tumeiachia nyama mashine isiyokula.

Patroni alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Njia ya Goma ilikuwa imefungwa tena na hakuna aliyejua itafunguka lini. Alisimama, akachukua tupa, akaishika sahani ya kwanza.

Nikaweka mkono wangu juu ya sahani.

"Papa, hapana."

"Tundu iko ndogo, tunapanua. Njo kazi yetu."

"Ukigusa tundu na tupa, moja itaenda huku, ingine huku. Itacheza sawa ile ya zamani. Tulienda Goma kwa sababu gani?"

"Sasa unataka bawa iingie na maombi?"

"Tupunguze bawa, Papa. Ncha tu, pale inaingia. Upande wa ndani, mugongo tusiguse. Sahani ibaki vile maji iliikata."

Alinitazama. Nilidhani atanifukuza, maana sikuwahi kumkataza kitu. Kisha akakaa tena juu ya ndoo, akachukua bawa, akaanza kulila kwa tupa, upande wa ndani, kidogo kidogo. Akalijaribu. Akalila tena. Likaingia, likakaa, halikulegea.

"Bon," alisema. "Chukua tupa yako."

Katikati ya kazi hiyo, pikipiki ikasimama nje. Mama wa Mpofi aliingia, akatukuta tumezungukwa na mabawa kama watu wanaomenya mihogo.

"Gurudumu yangu iko wapi?"

"Njo hii, Mama," patroni alisema.

"Hii? Naona visu. Mulienda Goma kukatisha sahani, ao mulienda kutembea?"

Nikamweleza. Nilimwonyesha sahani, nikamwambia apitishe kidole ndani ya tundu. Alipitisha. Akapitisha tena. Ni mtu wa duka, anajua kupima kitu kwa ngozi.

"Na hii ilikatwa na maji?"

"Na maji, Mama."

"Na sasa shida ni mabawa manene."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wanawake wa Mpofi wako wanatwanga mpaka leo kwa sababu Papa Injenieri aliogopa tundu kubwa." Akavuta kigoda, akakaza kitenge chake. "Mupe miye tupa."

"Mama, utajikata."

"Nilizaa watoto saba, niogope tupa?"

Alipiga tupa vibaya mwanzoni, patroni akamwonyesha, akaacha kupiga vibaya. Hakunyamaza hata kidogo. Alitusimulia ubaya wote wa shemeji yake, halafu uzuri wote wa moteri yake, halafu akauliza kama mimi nina mchumba, halafu akasema bora nisiwe naye kwanza. Kila bawa alilomaliza alilitupa miguuni pa patroni na kusema, "Ingine. Na ikitetemeka, ujue miye nimo."

Tulilisude gurudumu, tukalibeba kwa pikipiki mpaka Mpofi, mimi nyuma nimelishika kwa mikono miwili. Wanawake walikuwa wameshapanga foleni na mabeseni ya mihogo mikavu, maana Mama alikuwa ametangaza bila kutuuliza. Patroni alifunga rulema mpya, akakaza bolti, akazikaza tena. Mimi nikapanda mpaka juu kwenye kijito kufungua maji, kwa hiyo mwanzo wake nilisikia tu. Nilisikia maji yakishuka katika bomba, nikasikia mkanda ukianza kupiga. Nikangoja kusikia mbao za ukuta. Sikuzisikia.

Niliteremka mbio, nikateleza, nikafika na matope mgongoni. Patroni alikuwa amesimama na kiganja juu ya rulema, macho yamefungwa, kama daktari. Gurudumu lilizunguka mpaka mabawa yakapotea, yakawa kitu kimoja chenye kung'aa. Unga ukaanza kutoka, mweupe, wenye joto.

Mama hakusema ni vizuri. Alizunguka nyuma ya mashine, akagusa ukuta, akagusa boriti. Akaenda dukani, akarudi na ungo wa maharagi, akaketi juu ya boriti ileile inayobeba gurudumu, kwenye mwisho wake ulio mbali na mkanda, na kuanza kuchambua mawe. Nilitazama maharagi. Yalikuwa yametulia katika ungo kama yaliyo juu ya meza ya jikoni.

Alichambua kwa muda. Halafu akatoa simu kwenye kitenge, akapiga, akaongea kwa kelele ili maji yasimshinde.

"Shemeji, ile moteri, uipeleke kwa mwingine," alisema. "Hapana, hapana, gurudumu haichezi. Niko naketi juu yake sasa hivi."