Wifi Bado-Kizima na Vishikizo vya Meno

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hajawahi kutupa kitu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha nguo, na huko ndiko alikopachikwa jina la Bado-Kizima. Fundi akimletea kitu kilichochakaa ili apewe kipya, wifi hukigeuza, hukipuliza, kisha humrudishia: "Hiki bado kizima."

Alipostaafu alihamia kwangu. Nyumba ni ya kaka yake, nami sikulelewa kumfungia mlango mtu wa ukoo. Alikuja na masanduku ya vifungo, mikanda ya vyerehani, vipande vya sabuni alivyovibandika pamoja hadi vikawa donge moja la rangi zote, na mswaki ambao nywele zake zilikuwa zimelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe.

"Huu wa viatu?" nilimuuliza.

"Wa meno," alinijibu.

Hata hivyo, yeye ndiye msemaji wa ukoo wetu, na hilo simnyimi. Akisimama mbele za watu, hata wanaotafuna husita. Mume wangu kabla hajafumba macho alimwambia, "Siku wakija kumposa binti yangu, wewe ndiye utakayesema." Neno la marehemu halipanguliwi.

Binti huyo alivaa waya za meno miaka mingi. Siku alipotolewa waya hizo, wifi alitusindikiza kwa sababu hupenda kuokota magazeti ya zamani kwenye chumba cha kusubiri. Daktari wa meno akampa binti vishikizo, yaani plastiki nyembamba, angavu kama kioo, zenye umbo la meno yake, za kuzuia meno yasirudi yalikotoka.

"Usiku lazima uvivae," daktari alisema. "Ukivivua vitie kwenye kiboksi chake, usivifunge kwenye tishu, utavitupa bila kujua. Visugue kwa mswaki laini na maji ya baridi. Maji ya moto marufuku! Plastiki hii ikipata moto hulainika na kuharibika umbo."

"Hulainika kabisa?" wifi aliuliza, gazeti likiwa limejikunja kwapani.

"Kabisa, mama."

"Na ikipoa, huwa ngumu tena?"

"Ngumu kama mwanzo."

Wifi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa mapishi.

Binti yangu nampenda, lakini sikumlea awe mchafu, sijui uchafu ule ulitoka wapi. Vishikizo vyake nilivikuta kwenye mkono wa kochi, juu ya friji, na siku moja ndani ya kiatu. Vilikuwa na utando mweupe kama wa sufuria iliyolazwa na uji, na harufu ya maji ya chombo cha maua. "Mama, ni mate yangu tu," alisema, kana kwamba mate yana hati ya kusafiria ya kutembea nyumba nzima. Kile cha juu kilipopata ufa pembeni, daktari alimtengenezea kingine. Cha zamani nilikishika kwa koleo nikakitupa kwenye pipa, nikaosha mikono, nikashukuru Mungu.

Baada ya muda chai yangu ikaanza kubadilika ladha. Ilikuwa na ladha ya mfuko wa plastiki uliosahauliwa juani na, kwa mbali, samahani msomaji, ya kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Nikalaumu mabomba. Nikabadilisha majani ya chai. Nikalisugua birika hadi likang'aa, na kesho yake ladha ikarudi.

Wifi naye akaanza kunisalimu kwa namna mpya. "Umelala thalama, wifi?" Nikadhani ni uzee.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida yangu, nikakuta birika linachemka jikoni bila mtu. Nikafunua kifuniko. Ndani ya mvuke, safu ya meno ikanichekea. Ilipinduka, ikazama, ikaibuka tena, na kando yake kilielea kitu ambacho sitakiandika.

Mate yalinijaa mdomoni, nikakimbilia kwenye sinki. Wifi akaingia akifunga kanga yake.

"Wifi! Hiki ni nini kwenye birika langu?"

"Polepole, usikichokoe. Kiache kilainike."

Akachukua kijiko cha sukari, kijiko changu cha sukari, akakiopoa, akakikung'uta, akakitia kinywani. Akakikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili huku machozi yakimtoka kwa moto.

"Hicho nilikitupa! Kilikuwa chini ya maganda ya vitunguu!"

"Nilikithuutha."

"Kimekaa kinywani mwa mtu mwingine!"

"Mtu mwingine gani? Ni damu ya kaka yangu."

"Damu ya kaka yako ina mate yake, wifi, na wewe una yako, na mimi ndiye niliyeyanywa yote!"

Akakivua, akaniita karibu na dirisha. Akayasukuma kwa ulimi meno yake mawili ya mbele, nayo yakalala nje, yakarudi ndani, kama nguo kwenye kamba. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, na pumzi iliyotoka humo nusura inirudishe kwenye sinki.

"Kila siku yanasogea," alisema. "Kwa hiyo kila siku nakichemsha, nakipachika upya. Ndicho kinachoyashika."

"Twende kwa daktari leo hii."

"Atayang'oa. Na wageni wa posa wanakuja Jumamosi. Nikawaambie nini na mapengo? Nimtoe mtoto wa kaka yangu kwa miluzi?"

"Basi nitasema mimi."

Mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwogopa alisimama na kishikizo kikimdondokea maji kwenye kidole. "Aliniambia mimi," alisema.

Nilimpa sufuria kuukuu awe akichemshia humo, nikamwapisha kwamba Jumatatu tutakwenda kwa daktari.

Jumamosi wageni walikuja. Mama wa kijana ni mwanamke wa kupitisha kidole mezani kutafuta vumbi, na kwangu hakulipata. Wifi alikaa kando yangu, amepiga pasi hadi kitambaa cha kichwa. Aliposimama kusema, zile "th" zake chache hazikumzuia mtu. Alimtaja kaka yake, akataja alivyomlea binti, nami nikaona mjomba wa kijana ameweka chini kipande cha mkate alichokuwa akikitafuna.

Ndipo binti, kwa heshima zote, akamletea shangazi yake chai inayofuka. Wifi hapulizi chai. Alipiga funda moja kubwa ili kulainisha koo, akakaa ghafla, macho yamemtoka. Nikaona shavu lake linahangaika. Plastiki ilikuwa imelegea. Akafunika mdomo kwa leso, akavuta, na chini ya meza mkono wake ukatafuta wangu.

Nilijua anachonipa kabla sijakigusa. Nikafungua kiganja. Kikaangukia humo kikiwa cha moto, kinateleza, na ndani yake mna vitu viwili vigumu. Kikakaa kama konokono aliyetolewa gambani. Nikafunga ngumi, nikatabasamu kwa mama wa kijana. Uteute ukapenya kati ya vidole vyangu, ukashuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Niliendelea kutabasamu.

Wifi akasimama tena, leso mdomoni. "Mnithamehe," alisema kwa sauti nzito. "Nikimkumbuka kaka yangu..." Hakuweza kuendelea. Mama wa kijana akatoa leso yake naye, akalia hasa. Mjomba akasema ukoo wenye mapenzi kama haya hawajauona, na kwamba wameridhika. Tukashikana mikono. Nilitoa wa kushoto, wakadhani nimezidiwa na uchungu.

Walipoondoka nikafungua ngumi juu ya sinki. Meno mawili yalikuwa yamelala kwenye kishikizo, marefu, ya kahawia mizizini. Wifi akanyoosha mkono.

"Jino huweza kupachikwa tena," alisema. "Plastiki yenyewe bado nzima."

Safari hii nilikitupa kwenye choo cha shimo cha jirani.

Sasa ana meno ya bandia, na daktari amemwandikia kwa herufi kubwa: MAJI YA BARIDI. Nami nilinunua birika jipya. Lile la zamani nililiweka nje lisubiri gari la taka, lakini asubuhi halikuwapo. Lipo chumbani kwake, juu ya sanduku la vifungo, na kila jioni hunigongea mlango kunikaribisha chai. Namshukuru kwa adabu zote, nasema nimeshashiba.